SEYYID BARGHASH BIN SAID: MTAWALA ALIYELETA MAJI BAADA YA MAAFA



  

Ndugu msomaji, katika kurasa hizi huwa tunasimulia maisha ya watu mashuhuri waliotutangulia mbele ya haki. Safari hii tumemchagua mtawala. Hatukumchagua kwa sababu ya majumba yake wala kwa sababu alikuwa mwema kuliko wenzake. Makosa anayo, na tutayataja. Tumemchagua kwa kuwa nchi yake ilipigwa na maafa mawili makubwa ndani ya muda wa miaka mitatu, nasi tukataka kujua alifanya nini baada ya vilio kwisha. Sisi wa Matamba tuko mbali na bahari, na wengi wa wanafunzi wetu hawajapata kuiona. Hata hivyo tutaona kwamba mambo yaliyoiangamiza Unguja wakati ule yanatuhusu hata huku juu milimani.

MBAO ZA JENEZA

Seyyid Barghash alizaliwa Unguja mnamo mwaka 1837. Baba yake ni Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Zanzibar, na mama yake alikuwa suria wa Kihabeshi. Alilelewa katika nyumba yenye watoto wengi, na kila mwana wa kiume aliyekuwa mkubwa aliutazama ufalme kwa jicho la matumaini.

Mwaka 1856 Seyyid Said alikuwa Oman, na mwezi wa Septemba akapanda meli yake iliyoitwa Victoria kurudi Unguja. Barghash alikuwa pamoja naye. Inasimuliwa kwamba kabla ya kung'oa nanga mzee aliagiza mbao za jeneza zipakiwe melini, na akaamuru kwamba yeyote atakayefia njiani asitoswe baharini bali maiti yake ipelekwe ikazikwe nchi kavu. Tarehe 19 Oktoba 1856, meli ikiwa karibu na visiwa vya Shelisheli, aliyefariki alikuwa ni yeye mwenyewe. Mbao zile zikawa zake.

Hapa tusimame kidogo. Wako wazee wetu ambao ukizungumza nao habari ya kuweka akiba ya msiba, au kuandika wasia, au kuwafundisha watoto la kufanya nyumba ikishika moto, watakwambia unachuria. Seyyid Said hakuchuria. Alikuwa na umri wa miaka sitini na kitu, alikuwa na safari ndefu mbele yake, akafanya hesabu ya mtu mzima.

Barghash, kijana wa miaka kama kumi na tisa, alifika na maiti ya baba yake, akaishusha usiku na kuizika kimya kimya. Kusudi lake lilikuwa kushika serikali kabla kaka yake Majid hajapata habari. Hakufanikiwa, na Majid akatawazwa. Mwaka 1859 akajaribu tena, safari hii akisaidiwa na dada zake wawili, Bibi Khole na Bibi Salme. Wafuasi wake walijifungia katika nyumba ya shamba, Waingereza wakamsaidia Majid kwa askari wa manowari, na Barghash akashindwa. Akapelekwa Bombay, India, akakaa huko kama miaka miwili. (Bibi Salme baadaye alikwenda Ujerumani, na kitabu chake cha mwaka 1886 ndicho kilichohifadhi habari nyingi za nyumba ile.)

Adhabu ile huenda ilimfaa kuliko ufalme alioukosa. Bombay ulikuwa mji mkubwa wenye watu wengi na visima vichafu, na mwaka 1860, Barghash akiwa huko huko, mji ule ulianza kupata maji ya bomba kutoka ziwa la Vihar lililojengwa nje ya mji. Kwa maoni yetu, aliyoyafanya Unguja miaka ishirini baadaye yalianzia pale. Mtu hawezi kuagiza kitu ambacho macho yake hayajapata kukiona.

MARADHI YALIYOTOKA BARA

Alirudi Unguja na kukaa kimya chini ya kaka yake. Ndipo mwishoni mwa mwaka 1869 kipindupindu kikaingia. Watu wengi hudhani maradhi ya pwani huletwa na majahazi, lakini safari ile, kama alivyoeleza daktari James Christie aliyekuwa Unguja wakati huo, yalishuka kutoka bara. Yalifuata njia za misafara mpaka Pangani, kisha yakavuka. Mwaka 1870 yaliuenea mji na mashamba, yakaua watu kwa maelfu, watumwa na maskini wakiwa wengi zaidi.

Tuwaeleze wanafunzi wetu sababu, maana wakati ule haikujulikana vizuri. Kipindupindu ni kijidudu kinachotoka katika kinyesi cha mgonjwa na kuingia katika maji au chakula cha mtu mzima. London mwaka 1854 daktari John Snow alikwisha onyesha kwamba maradhi yanafuata maji, lakini kijidudu chenyewe Robert Koch alikitambua mwaka 1883 na 1884. Mji wa Unguja ulikuwa na visima vifupi vilivyochimbwa karibu na vyoo na makaburi. Mvua ikinyesha, vyote vinakuwa kitu kimoja.

Mgonjwa wa kipindupindu huuawa na kukaukiwa maji, na anaweza kufa ndani ya saa chache. Kwa hiyo kila mama na kila mwanafunzi mkubwa ajue kwa kichwa jambo hili: lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa, vijiko sita vya chai vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Mgonjwa anyweshwe kidogo kidogo bila kukoma wakati anapelekwa zahanati. Chumvi isizidi. Ukiwa na pakiti za dawa ya maji maji, zile za kituo cha afya, hizo ni bora zaidi, na mbili tatu zikae nyumbani siku zote. Sisi tunaoishi juu ya mlima tunajua kushuka Chimala usiku wa mvua, kona hamsini na saba kwenye utelezi, si safari ya kuianza mgonjwa akiwa amekwisha legea.

KIMBUNGA CHA MWAKA 1872

Seyyid Majid alifariki Oktoba 1870, na Barghash akatawazwa. Alipokea nchi iliyokuwa bado inahesabu makaburi. Kabla haijatulia, tarehe 15 Aprili 1872, kimbunga kikaipiga Unguja.

Watu hawakukitarajia. Vimbunga vya Bahari ya Hindi huzoea kupita kusini, upande wa Bukini na Msumbiji, na ni nadra kufika karibu na ikweta namna ile. Nadra haina maana kwamba havifiki. Lindi ilipigwa Aprili 1952, na kimbunga Hidaya kilifika pwani yetu Mei 2024. Mwaka ule wa 1872 upepo uling'oa minazi, ukaezua mapaa, ukazamisha na kuvunja vyombo bandarini, pamoja na merikebu za Seyyid mwenyewe. Kubwa kuliko yote, karibu theluthi mbili ya mikarafuu ya Unguja ilianguka.

Hapa lazima turudi nyuma. Baba yake, Seyyid Said, ndiye aliyewahimiza watu kupanda karafuu, hata ikasemwa kwamba kwa kila mnazi mmoja mwenye shamba alitakiwa apande mikarafuu mitatu. Unguja ikatajirika, ikaacha kulima mpunga wa kuitosha, na chakula kikawa kinanunuliwa kwa fedha za karafuu. Basi upepo wa siku moja ukachukua fedha na chakula kwa pamoja. Mkarafuu ukipandwa leo hungoja miaka kadhaa ndipo uzae. Pemba ilinusurika kwa kiasi kikubwa, na tangu hapo ndiyo ikawa kisiwa cha karafuu.

Msomaji wa Matamba bila shaka amekwisha jua tunakoelekea. Huku kwetu ni viazi. Bei ikiwa nzuri tunajaza malori, tunajenga, tunaoza vijana. Ukungu wa majani ukiingia shambani, au baridi kali ikiunguza mimea kwa usiku mmoja, nyumba nyingine haina hata debe la mahindi. Nabii Yusuf (A.S.) aliwafundisha watu wa Misri kuhifadhi nafaka katika masuke yake miaka ya neema kwa ajili ya miaka ya njaa, na kisa hicho watoto wetu wanakisoma kila mwaka. Lakini ukiwauliza wazazi ni wangapi walioweka gunia moja la mahindi na debe la maharage ambavyo haviguswi mpaka mavuno mengine yaonekane, utapata majibu mafupi sana.

ALICHOKIFANYA

Mwaka 1873 Waingereza walimtuma Bartle Frere kumtaka Barghash aikomeshe biashara ya watumwa ya baharini. Alikataa kwanza, akitoa hoja kwamba nchi imekwisha angamizwa na kimbunga na haiwezi kubeba hasara nyingine. Alipotishiwa kuzungushiwa manowari alikubali, na mkataba ukatiwa saini tarehe 5 Juni 1873, soko la watumwa likafungwa. Hatupendi kulipita jambo hili kimya. Waliopanda na kuchuma zile karafuu walikuwa watumwa, wengi wao wametoka huku bara, na kipindupindu kiliwaua kwanza kwa sababu walikaa mahali pabaya na kunywa maji mabaya. Utajiri wa Unguja ulisimama juu ya migongo yao, na Barghash aliuacha kwa kulazimishwa.

Mwaka 1875 alikwenda Uingereza, akapokewa na Malkia Victoria, na akapitia Ufaransa na Misri. Aliporudi alianza kazi ambazo watu wa Unguja humkumbuka kwazo hadi leo.

Ya kwanza ni maji. Kaskazini ya mji, mwendo wa maili chache, kulikuwa na chemchemi safi mahali paitwapo Chemchem. Barghash alijenga mfereji na kutandaza mabomba hadi mjini, watu wakachota bure. Wale waliokuwa wakinywa maji ya visima vya karibu na vyoo sasa walipata maji yaliyotoka mbali na uchafu wao. Angeweza kufanya kama watawala wengi, kutoa sadaka wakati wa maradhi na kusahau maradhi yakiondoka. Yeye aliitazama njia ambayo maradhi yalipita akaiziba.

Ya pili ni meli. Baada ya merikebu zake kuharibiwa, alinunua meli za moshi, ambazo hazingoji pepo za kaskazi na kusi. Zilikwenda Bombay na kurudi, zikileta mchele na nafaka, na bei ya chakula ikashuka. Faida yake katika suala letu ni kubwa: jahazi likikosa upepo huja baada ya miezi, na njaa haingoji miezi. Meli zake pia ziliwachukua mahujaji.

Alijenga pia hamamu ya Hamamni, alileta mtambo wa kuchapishia vitabu vya dini, na mwaka 1877 akaanzisha jeshi la kudumu chini ya Mwingereza Lloyd Mathews. Mwaka 1883 likajengwa jumba refu la Beit al-Ajaib. Haya tunayapita haraka, maana vitabu vya historia vimeyaeleza.

Tuseme jambo moja juu ya taasisi, nasi wa madrasa tukiwamo. Barghash alikuwa na hazina na amri. Sisi tuna kamati ya msikiti, michango na ndoo. Lakini maswali ni yale yale. Maji ya akiba ya wanafunzi yako wapi, na nani anayabadilisha? Madarasa yana mlango mmoja au miwili, na ule wa pili umefungwa kwa komeo la nje? Daftari la majina lina namba za simu za wazazi, au liko kabatini na mwenye ufunguo amesafiri? Tulipowauliza watoto wa darasa la chini nani anaijua namba ya mzazi wake kwa kichwa, mikono iliyonyooshwa ilikuwa michache mno. Tangu siku hiyo kila Alhamisi kabla ya kuondoka wanazitaja kwa sauti kama wanavyotaja nguzo za Uislamu. Tumewafundisha pia 114 ya Zimamoto na Uokoaji na 112 ya polisi, ingawa tunajua gari la zimamoto lina njia ndefu mpaka kufika huku, na ndoo za mchanga na majirani ndio watakaotangulia.

La jiko la mkaa lazima tuliseme wazi kwa sababu ya baridi yetu. Mkaa ukiwaka katika chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, na familia nzima hulala isiamke. Mtume (S.A.W.) alikataza kuuacha moto unawaka ndani ya nyumba wakati wa kulala, akaagiza taa zizimwe, milango ifungwe na vyombo vya maji vifunikwe. Umma ulipewa maagizo hayo miaka zaidi ya elfu na mia nne iliyopita, na bado kuna nyumba zinazoingiza jiko chumbani kwa watoto msimu wa baridi. Jiko lipashe joto mlango ukiwa wazi, kisha litolewe nje kabla ya kulala.

Na wanaojenga chini ya miteremko watazame juu. Tarehe 3 Desemba 2023 matope na mawe yalishuka kutoka mlima Hanang yakaingia Katesh, yakaua watu zaidi ya themanini. Mvua nyingi ikinyesha siku mfululizo, mkiona ufa mpya ardhini au miti iliyoinama, au mto uliokuwa umejaa ukapungua ghafla, hiyo si saa ya kukusanya vyombo. Familia iwe imekwisha kubaliana mahali pa kukutania, na hati, kadi za kliniki na vyeti viwe katika mfuko mmoja unaoshikika gizani.

ASICHOKIWEKEA AKIBA

Barghash alijiandaa kwa maradhi na dhoruba. Kwa Wazungu hakuwa tayari. Kwa miaka mingi alimtegemea balozi wa Uingereza, John Kirk, aliyekuwa rafiki na mshauri wake. Mwishoni mwa mwaka 1884 Carl Peters alipita bara akikusanya mikataba kutoka kwa machifu. Mwaka 1885 serikali ya Ujerumani ikatangaza ulinzi wake juu ya nchi hizo, na mwezi Agosti manowari za Kijerumani zikatia nanga mbele ya jumba lake. Akawatazama Waingereza, nao wakamshauri akubali. Mwaka 1886 mataifa hayo mawili yakagawana bara, yeye akaachiwa visiwa na ukanda wa pwani wa maili kumi. Ugawaji huo ndio uliotangulia kuja kwa Wajerumani hata katika nchi hii ya Wawanji na Wakinga.

Wengine humlaumu kwamba alikuwa dhaifu. Sisi tunaona kosa lake lilikuwa jingine: alikuwa na mlango mmoja tu wa kutokea, na mwenye ufunguo alikuwa mtu mwingine. Aliyeona jinsi zao moja lilivyoiangusha Unguja angetazamiwa asimtegemee rafiki mmoja. Na katika siku zake za mwisho alimfunga mwanachuoni Sheikh Ali bin Abdallah Mazrui kwa sababu ya tofauti za madhehebu, akampoteza mtu wa kumwambia ukweli. Sheikh alifunguliwa baada ya kifo cha Seyyid.

Mwanzoni mwa mwaka 1888, akiwa mgonjwa sana, alikwenda Oman kutafuta afya. Hakupata nafuu, akaomba arudishwe nyumbani. Tofauti na baba yake, yeye aliwahi kufika. Alifariki Unguja mwezi Machi 1888 mara tu baada ya kurudi, na ndugu yake Khalifa akashika nafasi yake.

Jumba lake la Maruhubi liliungua mwaka 1899, na zimebaki nguzo za mawe, mabirika na mabaki ya mfereji wa maji. Beit al-Ajaib lilistahimili mizinga ya Waingereza tarehe 27 Agosti 1896. Sehemu ya jengo hilo iliporomoka mwaka 2012, na tarehe 25 Desemba 2020 ukaanguka upande wa mbele pamoja na mnara wa saa, likiwa katika matengenezo, na kuua watu waliokuwa wakifanya kazi humo.